Safari ya Likizo Kupita Sirari
(Hotuba mbele ya wanachama, Mugango)



Atokaye hapa Mugango kwa motokaa kwenda Kenya wakati wa likizo hupita daraja la Kirumi, kisha Tarime, hata afike Sirari; ng'ambo ya mpaka ni Isebania. Mstari ule walipatana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, wala Wakuria waliogawanywa nao hawakuulizwa. Tena Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 mpaka ulifungwa, usifunguliwe hata 1983.

Leo njia i wazi, lakini haifunguliwi kwa cheo cha mtu. Chukueni hati ya kusafiria, kadi ya gari, bima ikubaliwayo Kenya, na kibali cha forodha. Karani aliye dirishani ni mwenzetu, afanya kazi ile ile tuifanyayo. Je, sisi tuwadaio raia karatasi kamili, tutamnong'oneza atupitishe kwa kujuana? Tukifanya hivyo tumewadhulumu waliosimama nyuma yetu. Basi, ndugu zangu, na tungoje zamu yetu kama watu wote. Ndiyo heshima ya kazi yetu.