Kuhesabu Ndege na Panya wa Msituni

Somo letu la leo ni namna ya kuhesabu viumbe wasiokubali kusimama wahesabiwe.

Ninyi mkaao Sengerema na Ukerewe mwaijua misitu ya misonobari ya Buhindi na Rubya. Msonobari si mti wa asili wa nchi yetu. Uliletwa ukapandwa kwa ajili ya mbao. Ukiitazama misitu hiyo kutoka ziwani, waiona imesitawi, nawe waweza kudhani kuwa ndege na wanyama wa zamani wangalimo. Lakini majani mabichi hayakuambii ni nani akaaye chini yake. Sharti tuhesabu.

Tuanze na ndege. Nenda alfajiri, maana ndipo wanapolia sana. Simama kimya mahali pamoja kwa dakika 10. Andika kila ndege umwonaye au umsikiaye katika mita 50 kukuzunguka. Kisha songa mbele mita 200, ili usimhesabu ndege mmoja mara mbili, usimame tena.

Panya wa porini wengi hutembea usiku. Kwao hutumika mitego ya visanduku vya bati, isiyoua, na chambo cha karanga zilizopondwa. Hutegwa jioni na kukaguliwa asubuhi na mapema, kabla jua halijachoma bati na kumwua aliyenaswa. Kazi hii ifanywe na wenye ujuzi, tena wavae glavu, kwa sababu viroboto vya panya huweza kuambukiza tauni.

Sasa hesabu yenyewe. Tuseme wamenaswa panya 20, wakakatwa nywele kidogo mgongoni kuwa alama, wakaachiliwa. Siku chache baadaye wananaswa 30, na kati yao 6 wana alama. Zidisha 20 kwa 30, upate 600. Gawanya kwa 6. Jibu ni 100: hayo ndiyo makadirio ya panya wa mahali pale.

Fanya vivyo hivyo katika kichaka cha miti ya asili kilicho jirani, kwa mitego ile ile na majira yale yale, tena zaidi ya mara moja. Kipimo kikiwa kimoja, unaweza kulinganisha. Ndipo siku mtakapokutana kijijini kuamua kama kichaka hicho kifyekwe au kiachwe, mtajua ni viumbe gani mtakaowapoteza.

Zoezi: kesho alfajiri simama dakika 10 nje ya nyumba yako, uandike ndege wote utakaowasikia.