Somo la Marehemu: Je, Yafaa Kuwaombea Waliokufa?



Wakristu wapendwa, leo twajibu swali ambalo makatekista wetu huulizwa karibu kila penye matanga. Mtu amefiwa na baba yake. Yeye ni Mkatoliki. Ndugu yake wa tumbo moja asali kwa Wabatisti. Shemeji yao ni Msabato. Maiti ingali ndani ya nyumba, nao wamekwisha kuanza kubishana. Mkatoliki ataka Misa ya marehemu. Mbatisti asema: baba amekwisha kuhukumiwa, tuwaombee wafiwa tu. Msabato asema: baba amelala, hajui neno lolote mpaka siku ya ufufuo. Je, tumsadiki nani?

Kwa watu wa Mugunga jambo hili si maneno ya darasani. Mnamo Julai 1994 mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kutoka Rwanda, wakajazana Mugunga, Kibumba na Munigi. Kipindupindu na ugonjwa wa kuhara damu vikawashika, na katika mwezi mmoja walikufa karibu 50,000. Nchi ya Goma ni mwamba wa volkano, jembe haliingii. Basi maiti zilifungwa katika mikeka, zikalazwa kandokando ya barabara. Matingatinga ya askari wa Ufaransa yalichimba mashimo makubwa, wakazikwa pamoja pasipo jina. Tena tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za watu waliokimbia vita huko Lac Vert na Mugunga, yakaua watu, na watoto miongoni mwao. Ikiwa sala zetu haziwafikii marehemu, basi wengi wa hao hatuna la kuwatendea tena.

Tusiwadhihaki ndugu zetu Waprotestanti. Wao wasoma katika Waraka kwa Waebrania kwamba mtu hufa mara moja, na baadaye ni hukumu. Waogopa kwamba anayewaombea wafu aipunguza damu ya Kristu, kana kwamba haikutosha. Na hofu yao ina asili yake. Mwaka 1517 Martin Luther aliinuka kuipinga biashara ya rehema, ambayo kwayo watu walifanywa wafikiri kwamba fedha huwatoa marehemu toharani. Biashara ile ilikuwa aibu. Mtaguso wa Trento mwaka 1563 ulithibitisha mafundisho ya toharani, lakini uliwaamuru maaskofu waondoe katika jambo hilo kila tamaa ya mali. Na wengi hawajui kwamba Luther mwenyewe, mwaka 1528, aliandika kuwa si dhambi mtu kumwombea marehemu wake faraghani, mara moja au mbili. Waliokuja nyuma yake ndio walioufunga mlango kabisa.

Sisi nasi twasadiki kwamba hukumu huja mara tu mtu afapo. Sala yetu haiigeuzi hukumu ile, wala toharani si nafasi ya pili ya kutubu. Mfikirieni mtu aliyeitwa karamuni, naye atoka shambani, miguu yake imejaa vumbi jeusi la volkano. Mwenye karamu amekwisha kumpokea, hakuna atakayemfukuza. Lakini yeye mwenyewe hapendi kuketi mezani kabla ya kunawa. Sisi ndio jamaa tunaomletea maji. Na maji hayo chemchemi yake ni msalaba wa Kristu, hatuna mengine.

Katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, twasoma habari za Yuda Mmakabayo. Askari wake waliuawa vitani, na walipotaka kuwazika wakakuta hirizi za miungu ya uongo chini ya nguo zao. Yuda hakuwatupa. Alichanga fedha, akazipeleka Yerusalemu, itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi yao, maana alitumaini ufufuo. Ndugu yako Mbatisti atafungua Biblia yake, asikione kitabu hicho; Waprotestanti hawakihesabu kuwa Maandiko Matakatifu. Usimwite mwongo. Mweleze kwamba Kanisa lilikuwa likikisoma karne nyingi kabla ya Luther, na kwamba Waorthodoksi, ambao hawamtii Papa, nao huwaombea marehemu wao.

Hirizi zile zatuleta kwenye neno gumu zaidi. Miongoni mwa waliozikwa mwaka 1994 walikuwamo watoto wachanga. Walikuwamo pia watu ambao majuma machache kabla ya hapo walikuwa wameshika mapanga katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda. Je, na hao tuwaombee? Aliyekufa katika dhambi ya mauti bila kutubu, sala haimtoi motoni. Lakini nani aliyeiona saa yake ya mwisho, pale juu ya mkeka? Kumwombea si kusema hakuua, wala si kumnyima haki yule aliyeuliwa. Mwenye uchungu ambao moyo wake haujaweza, asilazimishwe na mtu. Kanisa lawakumbuka marehemu katika kila Misa, naye aliachie Kanisa kazi hiyo kwa sasa.

Neno moja kwa wale waliobatizwa karibuni. Wako wanaoomba Misa kwa sababu wameota ndoto mbaya, nao wadhani kwamba baba amekasirika na ataka apozwe. Hiyo ni tambiko iliyovikwa kanzu ya padri. Mizimu huogopwa, marehemu hupendwa. Na sadaka unayompa padri si bei ya Misa: asiye na kitu amwendee padri bila haya.

Mtakatifu Monika, mama Mwafrika, alipokuwa akifa huko Ostia mwaka 387, mbali na kwao, mmoja wa wanawe alisikitika kwamba mama hatazikwa katika nchi yake. Monika alimkaripia. Aliwaambia wanawe wauzike mwili wake popote. Aliomba tu wamkumbuke altareni. Ninyi ambao hamjui shimo gani lilimpokea mama yenu, mchukueni huyu awe rafiki yenu.

Na pale penye matanga? Msishindane kaburini. Mwacheni Mbatisti awaombee wafiwa. Itikieni Amina, maana sala hiyo ni njema. Kisha nendeni Misa, na tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu Wote, mwiteni naye. Akikataa, nendeni ninyi. Asiyejua jina la marehemu wake na amwambie padri hivi: wale waliolala Mugunga. Yatosha.

Somo lijalo tutasema juu ya Mpako wa Wagonjwa.