Kunguru wa Waarabu: Saumu ya Ulimi na Neno "Chotara"

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu waumini, baba zetu na mama zetu mliojumuika nasi hapa Amherst, Mola atutakabalie saumu zetu. Usiku huu tuzungumze juu ya saumu ya ulimi, na hasa neno moja tulitamkalo kwa wepesi: chotara.

Zama za Jahiliya palikuwa na washairi walioitwa "kunguru wa Waarabu", kwa kuwa baba zao walikuwa Waarabu na mama zao wajakazi weusi. Mashuhuri wao ni Antara bin Shaddad wa kabila la Abs, ambaye mama yake, Zabiba, alikuwa Mhabeshi. Baba yake alimhesabu mtumwa. Yasimuliwa kwamba kabila lilipovamiwa, baba alimwamuru ashambulie. Antara akajibu kuwa kazi ya mtumwa ni kukama, si kupigana. Hapo ndipo alipopewa uhuru wake. Katika mashairi yake hakuuficha weusi wake wala hakumkana mama yake. Leo kasida yake imo katika Muallaqat. Waliomdharau, nani awakumbukaye?

Mwingine ni Khufaf bin Nadba, aliyesilimu na kuhudhuria ufunguzi wa Makka. Nadba ni jina la mama yake, na kwa jina hilo ndivyo ajulikanavyo hata leo miongoni mwa masahaba.

Sharia nayo ilihukumu kwamba mtoto aliyezaliwa na suria kwa bwana wake ni huru, na hurithi sawa na nduguze. Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hadi 1888, mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Sheria ilitangulia, lakini ndimi zetu zilibaki nyuma.

Tarehe 14 Mei 2022, mwendo mfupi kutoka hapa, watu weusi 10 waliuawa katika duka la Tops, Jefferson Avenue, Buffalo, kwa sababu ya rangi yao. Sote tulilaani. Basi tujiulize: tunapokataa posa ya kijana mwenye dini na tabia njema kwa kuwa mama yake ni Mmanyema au baba yake ni Mmarekani mweusi, tumelaani nini? Mtoto wetu anapoulizwa madrasani, "Wewe hasa ni nani?", nani amemfundisha mwenzake swali hilo kama si sisi mezani?

Abu Dharr alipomtusi mtu kwa mama yake, Mtume alimwambia kwamba ndani yake bado imo Jahiliya. Naye alikuwa sahaba mtukufu, sisi je?

Suratul Hujurat, aya ya 13, yatufunza kuwa mbora wetu ni mchamungu zaidi. Tusingoje Idi: tuliyemwumiza kwa neno hilo, tumwombe radhi kabla mwezi haujaandama.

Ewe Mola, zitakase ndimi zetu, na uwape watoto wetu utulivu wa nafsi. Amin. Wabillahi taufiki. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.