Mbu naye huuma huku akipuliza

Wahenga walisema panya huuma huku akipuliza. Leo nataka kuwaonyesha kuwa mbu wa malaria amempita panya kwa hila hiyo.

Wengi wetu tunadhani mbu huja, akanyonya na kwenda zake. La hasha! Kwanza hutema mate, na mate hayo yana protini ambazo kila moja ina kazi yake. Iko anofelini, inayozuia damu isigande. Iko apirasi, inayozuia chembe ndogo za damu zisishikamane na kuziba tundu. Ziko na za jamii ya D7, zinazonasa kemikali ambazo mwili huzitoa ili kubana mishipa. Ule mwasho unaojikuna asubuhi ni ugomvi wa mwili wako na mate hayo.

Vijidudu vya malaria navyo hupanga humo humo, katika tezi za mate. Daktari Ronald Ross aliviona mwaka 1898 huko Calcutta, India, alipochunguza mbu walionyonya ndege wagonjwa. Tangu mbu anyonye damu ya mgonjwa hadi vijidudu vifike kwenye tezi, hupita siku 10 hadi 14 hivi. Kwa hiyo anayetuambukiza ni mbu aliyekwisha kula chumvi, tena jike, maana dume hanyonyi damu.

Mwaka 2002 wataalamu walichapisha ramani ya jeni za mbu aina ya Anofelesi gambiae. Ikawa rahisi zaidi kujua jeni ipi hutengeneza protini ipi ya mate. Protini moja, gSG6, ni ya mbu wa jamii ya Anofelesi peke yao. Aliyeumwa nao hujenga kingamwili dhidi yake, na tone la damu laweza kutoa ushahidi kama watu wa mtaa fulani wanaumwa na mbu hao au la.

Je, chanjo? Mwaka 2020 yalitangazwa majaribio ya awali ya chanjo ya mate ya mbu, yaliyofanywa Marekani kwa watu 49. Miili yao iliipokea vizuri. Lakini kupokelewa na mwili si kukinga, na safari bado ni ndefu.

Sisi wa mijini tusijidanganye kuwa malaria ni ya shamba. Mbu aina ya stephensi, mwenye asili ya Asia, alionekana Djibouti mwaka 2012 na Ethiopia mwaka 2016. Huyu huzaliana hata kwenye matangi na mapipa yetu ya maji.

Ndiyo maana nasisitiza: funika pipa, tumia chandarua chenye dawa. Mbu akifa kabla ya siku zile 10, mate yake yatabaki kuwa mwasho tu. Nawasikia wanaolalamika kuwa chandarua kina joto. Nami nawauliza: joto la chandarua na joto la homa ya mtoto usiku wa manane, lipi zito?