Kuomba udhamini wa makampuni bila kuuza jina la Kanisa

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za maendeleo na udiakonia za sharika)



Tumepewa nafasi ya kuzungumzia swali ambalo sharika nyingi zimekuwa zikiliuliza ofisini kwetu: je, tunaweza kupata fedha kutoka kwenye makampuni kwa ajili ya kazi zetu za huduma na za sanaa, yaani vituo vya watoto wenye ulemavu, karakana za ufundi, kwaya na bendi za matarumbeta? Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu linahitaji tukae pamoja, kwa sababu fedha ya kampuni ina utaratibu wake, ina masharti yake, na ina mpaka wake.

Kwa nini tunazungumza haya sasa

Kwa miaka mingi huduma zetu zimebebwa na makanisa rafiki ya Ujerumani, nchi za Skandinavia na Marekani. Tunawashukuru, nao bado tunatembea pamoja. Lakini makanisa ya Ulaya yanapungukiwa na washarika mwaka hadi mwaka, na mapato yao yanashuka. Tumeona pia misaada ya Serikali ya Marekani ilivyosimamishwa ghafla Januari 2025, na shirika la USAID likafungwa rasmi tarehe 1 Julai 2025. Miradi mingi ya afya iliyokuwa imezoea chanzo kimoja ilibaki bila mishahara. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Hata hivyo tusidhani kwamba kampuni ni ndugu tofauti. Tamasha la Sauti za Busara la Zanzibar lilianza mwaka 2004 na kujulikana duniani kote. Pamoja na sifa hizo, tamasha la mwaka 2016 halikufanyika kwa sababu fedha hazikutosha, likarudi mwaka 2017. Kama jambo hilo limelipata tamasha kubwa namna hiyo, kamati ya usharika ijue mapema kwamba udhamini huja na kuondoka.

Kwanza: jueni ni mfuko upi mnaouomba

Kampuni moja ina mifuko mitatu, na kila mfuko una mlango wake.

Mfuko wa kwanza ni wa uhisani, yaani kurudisha kwa jamii. Benki ya NMB, kwa mfano, imekuwa ikitangaza kwamba hutenga asilimia 1 ya faida yake baada ya kodi kwa ajili ya jamii, na sote tumeona madawati, mabati na vifaa vya hospitali vilivyotokana na mfuko huo. Mtazame aina ya vitu hivyo. Vinahesabika, vinakabidhiwa kwa siku moja, na vinaonekana kwenye picha. Kamati inayoomba mabati 120 ya kuezeka bweni inaongea lugha ya mfuko huu. Kamati inayoomba mshahara wa mlezi wa watoto kwa miaka mitatu itapewa pole na kuondoka mikono mitupu.

Mfuko wa pili ni wa matangazo. Huu ndio unaodhamini mbio, tamasha na mashindano. Hapa kampuni hainunui baraka, inanunua macho ya watu. Itauliza: watakuja watu wangapi, wa umri gani, jina letu litakaa wapi, redio gani itatangaza? Kwaya zetu zina jibu zuri kwa maswali hayo kuliko tunavyofikiri. Tamasha la kwaya la jimbo hukusanya watu ambao mtangazaji angewalipia sana kuwapata. Lakini ni lazima tuwe tumewahesabu. Kuandika "umati mkubwa" hakumsaidii afisa masoko, kwa kuwa naye ana bosi wa kumpelekea tarakimu.

Mfuko wa tatu ni wa manunuzi, na ndio tunaousahau. Kampuni hununua zawadi za mwisho wa mwaka, kadi, chakula cha mikutano, sare na samani. Ndugu zetu Waanglikana wa Dayosisi ya Ruaha walianzisha Neema Crafts pale Iringa mwaka 2003, wakianza na vijana wachache viziwi waliotengeneza karatasi kutokana na kinyesi cha tembo. Leo kazi za mikono za watu wenye ulemavu zinauzwa pale, na kuna mgahawa na nyumba ya wageni. Mteja anayenunua kitu kizuri haulizwi huruma. Karakana yetu ya useremala ikipata oda ya viti 50, hiyo ni heshima kwa vijana wetu kuliko hundi ya shilingi zile zile.

Kuna jambo la nne ambalo si fedha, yaani kile ambacho kampuni inakijua na inacho tayari. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilishirikiana na Vodacom kutumia M-Pesa kuwatumia nauli wanawake wenye fistula waliokuwa mbali. Matibabu yenyewe yalikuwa bure, lakini mama wa kijijini hakuwa na nauli ya basi. Nauli ikawa inatumwa kwa simu kwa balozi wa kujitolea aliye karibu naye, naye anamsafirisha. Kampuni ilitoa mtandao wake, na mtandao huo ukavuka kikwazo ambacho daktari asingeweza kukivuka. Kabla ya kuomba fedha, tuulize: mwenye malori, mwenye kiwanda cha rangi, mwenye kituo cha redio, ana nini ambacho kwake ni kidogo na kwetu ni kikubwa?

Pili: sheria inasemaje

Wajumbe wengi huwaambia wafanyabiashara kwamba "mkitoa mtarudishiwa na kodi". Tuwe waangalifu. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu kampuni kupunguza kwenye hesabu zake mchango iliotoa kwa taasisi ya hisani inayotambuliwa au kwa mradi wa maendeleo ya jamii, lakini si zaidi ya asilimia 2 ya mapato yake ya biashara. Chukueni mfano wa kampuni yenye mapato ya kutozwa kodi ya shilingi milioni 500. Ukomo wake ni milioni 10. Kwa kodi ya asilimia 30, ikitoa milioni 10 hizo inapunguziwa kodi ya milioni 3. Milioni 7 zimetoka mfukoni mwake kweli. Kwa hiyo anayetoa ametoa, na tumshukuru hivyo.

Pia tujue kwamba usharika peke yake si mtu mbele ya sheria. Mali na mikataba yetu iko chini ya Bodi ya Wadhamini ya Dayosisi. Mkataba wa udhamini uliosainiwa na mwenyekiti wa kwaya peke yake ni karatasi tu. Na pale kampuni inapopata tangazo kwa fedha yake, hilo ni biashara na si zawadi, hivyo mhasibu wa Dayosisi aone mkataba kabla ya kusainiwa ili suala la kodi lisitushtue baadaye.

Kwa sharika zilizo jirani na migodi: marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii unaokubaliwa na halmashauri. Maana yake ni kwamba mlango uko kwenye halmashauri. Kituo kikitaka kuingizwa, kipeleke hoja yake kupitia Serikali ya Kijiji na diwani kabla mpango haujapitishwa.

Tatu: kuandika ombi kama Nehemia

Katika Maandiko hatuna mwalimu wa ombi bora kuliko Nehemia, mnyweshaji wa mfalme Artashasta. Alipopata habari za ukuta wa Yerusalemu hakukimbilia kwa mfalme kesho yake. Alifunga na kuomba, na miezi kama minne ilipita. Mfalme alipomuuliza haja yake, majibu yalikuwa tayari: atakaa muda gani, anahitaji barua kwa watawala gani, na miti kutoka kwa Asafu mtunza msitu, tena kwa kazi gani. Hakusema "tunaomba msaada wowote mtakaoguswa nao".

Basi ombi letu liwe na kurasa mbili au tatu, lijibu haya: sisi ni nani na nani anatusimamia, tatizo ni lipi na linawagusa watu wangapi, tunaomba nini hasa, kwa bei ya ankara ya kifani, usharika wenyewe umeshachangia kiasi gani, kazi itaanza na kuisha lini, na kampuni itatambuliwaje. Hilo la mchango wetu msiliache. Mfadhili akiona usharika umefyatua tofali na kuchimba msingi, anajua anaunga mkono watu walioanza safari. Barua iende miezi sita kabla, kwa jina la afisa mhusika, na ifuatiliwe kwa simu baada ya wiki mbili.

Wanamuziki wetu wasikate tamaa wakikosa jibu. Johann Sebastian Bach, Mlutheri mwenzetu, mwaka 1721 alimpelekea mtawala mmoja wa Brandenburg kazi sita zilizonakiliwa kwa uzuri, pamoja na barua ya heshima. Hakuna kumbukumbu iliyobaki ya kwamba alipata kitu. Kazi hizo hupigwa hadi leo.

Nne: majina tusiyoyapokea

Hapa ndipo penye maumivu. Wenye fedha nyingi za matangazo nchini ni pamoja na watengenezaji wa bia na makampuni ya kubashiri. Kampuni moja ya michezo ya kubahatisha ilikuwa tayari kugharamia tamasha letu la kwaya za vijana: jukwaa, usafiri na fulana. Tulikataa, na tamasha la siku tatu likawa la siku moja. Vijana walisikitika, na baadhi ya wazee walisema tumechezea bahati.

Tunawaheshimu waliosema hivyo, na tunajua hoja zao. Wengine hutukumbusha kwamba hata Katharina von Bora, mke wa Luther, alipika bia nyumbani kwake. Ni kweli. Lakini swali letu halikuwa nani anakunywa nini. Swali lilikuwa: jina gani litaandikwa kifuani mwa mtoto wa miaka 15 anayeimba madhabahuni? Wachungaji wetu huketi na familia ambazo ada ya shule imeishia kwenye mkeka wa kubashiri. Hatuwezi kuwafariji Jumatatu na kumtangaza aliyewaumiza Jumapili.

Tunashauri kila kamati iandike orodha yake mapema, kabla fedha haijawekwa mezani: pombe, sigara, kamari, na yeyote mwenye mgogoro na wananchi wa eneo letu kuhusu ardhi, maji au mishahara. Orodha iliyoandikwa mapema ni kanuni. Orodha inayotafutwa mbele ya hundi huwa ni majadiliano.

Jambo jingine ni picha. Watoto wa kituo wasipangwe mstari wakiwa wameshika hundi ya mfano. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatutaka tupate ridhaa, na hata kama isingekuwepo, mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kutoonyeshwa kama tatizo. Mwonyesheni akifanya kazi, akicheza, akipiga ngoma.

Tano: baada ya kupokea

Mtume Paulo alipochangisha kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, hakubeba fedha peke yake. Aliambatana na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili asilaumiwe. Nasi tufanye hivyo: akaunti ya mradi yenye watia saini watatu, stakabadhi kwa kila matumizi, na taarifa ya ukurasa mmoja kwa mdhamini ndani ya siku 60, hata kama hajaiomba. Kama bei ilipanda na mabati yakawa 104 badala ya 120, tuseme 104. Taarifa ya kweli hutafuta udhamini wa pili kuliko barua yoyote.

Mwisho: kile ambacho hakuna atakayekidhamini

Wapendwa, kampuni itatoa kitu kinachoonekana. Itatoa kiti mwendo, tarumbeta, paa. Lakini kiti mwendo kinahitaji mtu wa kumfundisha mama namna ya kumnyoosha mtoto viungo kila asubuhi, na tarumbeta inahitaji mwalimu atakayefika Alhamisi yenye mvua. Mishahara hiyo haina pa kubandika nembo. Kama sadaka zetu hazitaibeba, hakuna atakayeibeba, na tutabaki na stoo yenye vifaa vizuri na mlango uliofungwa.

Kwa hiyo tunaomba sharika tatu. Kila kamati itenge kifungu cha udiakonia katika bajeti yake, hata kama ni kidogo, kwa ajili ya watenda kazi. Kila kamati ituletee orodha ya makampuni kumi ya eneo lake, kuanzia mwenye duka la vifaa vya ujenzi mpaka tawi la benki, na ionyeshe kila mmoja ana mfuko gani kati ya ile mitatu. Na kila kamati ilete orodha ya majina isiyoyapokea, imesainiwa na Baraza la Wazee. Ofisi ya miradi itasaidia kuandika maombi, kuyapitisha kwa mhasibu na kwenda nanyi kuyawasilisha.

Nanyi marafiki wafadhili, msione haya kama kuagana. Tunatafuta wa kubeba paa ili ninyi na sisi tuendelee kubeba watu.