Kilichouzwa ni Nini? Msamiati wa Ukahaba na Bei ya Hatari



Mada hii huonewa haya, lakini mwanaisimu hana ruhusa ya kulikwepa neno kwa sababu ya aibu. Hoja yangu ni kwamba msemo "kuuza mwili" huficha kile kinachouzwa hasa.

Tuanze na Nairobi ya kikoloni. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990, ameonesha kwamba biashara hiyo ilikuwa na namna tatu. Watembezi walitafuta wanaume barabarani. Malaya waliwangoja vyumbani mwao, wakiuza pia chai, chakula na maji ya kuoga. Wazi-wazi walikaa milangoni wakitaja bei kwa sauti. Majina hayo yanatofautisha mahali pa kazi, na mahali ndipo palipoamua hatari: mtembezi alikuwa karibu na polisi, malaya alisitirika, wazi-wazi aliweza kuwaita majirani.

Hatari hiyo ina bei. Utafiti wa Gertler, Shah na Bertozzi, uliochapishwa mwaka 2005, ulionesha kuwa nchini Meksiko tendo lisilo la kondomu lililipwa nyongeza ya takriban asilimia 23. Mwaka 2011, Robinson na Yeh walichapisha matokeo kutoka Busia, Kenya: mtu wa nyumbani alipougua, wanawake walikubali zaidi tendo lisilo na kinga, kwa kuwa lililipa zaidi. Ugonjwa wa mmoja ukalipiwa kwa hatari ya mwingine.

Aliyeuza ng'ombe hurudi nyumbani bila ng'ombe. Mwanamke huyu hurudi na mwili wake, pengine umebeba maradhi. Alichouza ni muda, kazi na ridhaa ya kubeba hatari. Hata hivyo, yeye tumemrundikia majina: kahaba, malaya, changudoa, mnunuzi tunamwita "mteja" tu, kama anayenunua sukari dukani.

Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kuelekea Mwanza na Rwanda hupita Manyoni, Singida na Shelui. Wanafunzi watakaofanya utafiti huko wasikusanye matusi ya wapita njia. Wasikilize jinsi wahusika wenyewe wanavyotaja bei, kinga na deni, kwa Kiswahili, Kinyaturu na Kinyiramba. Anayemwambia mwanamke "acha kuuza mwili" hajajibu swali lake: dawa ya mtoto italipiwa na nani?