Mgonjwa Asifute Alama za Mgongoni

Wiki hii nataka tuzungumzie mistari ya wino. Nina maana ya ile ambayo mgonjwa wa saratani huchorwa mgongoni anapopata tiba ya mionzi, iwe pale Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Hapa kwetu Samuye mzee mmoja alirudi nyumbani Jumamosi, matibabu yakiwa bado katikati. Majirani wakauliza kama zile ni chale za mganga. Mkewe, kwa huruma yake, alikwisha chemsha maji, dodoki na sabuni mkononi. Nikamwambia, "Mayu, muogeshe baba, lakini pale penye wino usisugue."

Saratani ya tezi dume na ile ya matiti, zikikomaa, aghalabu huhamia katika mifupa ya mgongo. Ndani ya mifupa hiyo umepita mshipa mkuu wa fahamu, nao ukibanwa, miguu huanza kufa ganzi. Mionzi hutolewa ili kupunguza mbano huo. Anayeanza tiba akiwa bado anatembea, mara nyingi huendelea kutembea. Aliyekwisha kupooza kwa siku kadhaa ni nadra kuinuka tena. Kwa hiyo maumivu ya mgongo yanayoambatana na miguu kulegea si ya kusubiri hadi pamba iuzwe.

Sasa, mgongo una pingili 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno, nazo zinazopakana hufanana kama mapacha. Kukosea hesabu kwa pingili moja tu kunatosha kupeleka mionzi kwa jirani asiyehusika. Wino husaidia kumlaza mgonjwa vilevile kila siku, kwa kuulinganisha na miale myembamba ya mwanga itokayo ukutani. Lakini ngozi, hasa ya mtu aliyekonda, huteleza juu ya mfupa kama shati juu ya bega. Wino waweza kuwa mahali pake na mfupa usiwepo.

Ndiyo maana hupigwa picha mgonjwa akiwa amelala pale pale kitandani pa mashine. Njia ya zamani ni kuweka bamba upande wa pili wa mwili na kuacha mionzi ile ile ya tiba ipite kidogo. Mionzi ya kobalti-60 hutoa picha yenye ukungu, kwa kuwa ina nguvu nyingi na hupenya mfupa na nyama karibu sawasawa. Mashine za LINAC, ambazo Ocean Road ilianza kuzitumia mwaka 2018, ni za kizazi kingine. Nyingi za aina hiyo duniani hubeba eksirei yake ubavuni: hupiga picha ya mbele na ya pembeni, au humzunguka mgonjwa na kutoa picha za vipande kama siti-skani. Picha hulinganishwa na ile ya siku ya kupanga tiba, kisha kitanda kikasogezwa kwa milimita.

Hata hivyo sikubaliani na wanaodai kwamba bila vifaa hivyo hakuna tiba. Kwa kutuliza maumivu na mbano, dozi ya grei 8 kwa mara moja, au grei 20 kwa siku 5, mshipa wa fahamu kwa kawaida huivumilia, na eneo la mionzi huongezwa pingili moja juu na moja chini. Hapo eksirei ya kawaida na mtaalamu anayehesabu pingili bila haraka vinatosha. Inapotolewa dozi kubwa sana karibu na mshipa wenyewe, hapo ndipo picha ya kila siku haina mbadala, kwani milimita chache zaweza kuleta ulemavu.

Kuna jambo ambalo wengi wetu hatulijali. Maumivu yakirudi baada ya miezi, pengine katika hospitali nyingine, daktari atataka kujua ni pingili zipi zilikwisha pigwa mionzi na kwa kiasi gani, maana mshipa huo una kikomo chake. Kabla hujaondoka, omba picha zako na karatasi yenye maelezo hayo. Ziwekwe pamoja na kadi ya kliniki, zisije zikafungiwa karanga.